Maji ya Mbaazi kwa Hasmukh

Ubao wetu wa kukalia umepigiliwa ukutani kwenye nyumba ya kwanza ukiingia uchochoroni, kando ya jiko la chai la Manu. Zamani ulitosha watu watatu na Hasmukh, na wa pembeni alikuwa anakalia hewa. Hapa Ahmedabad kila uchochoro una mnene wake, na wetu tulimpenda: akicheka, vikombe vya Manu vinagongana, akila kachori, hata aliyeshiba anaona njaa. Sukari ikampanda, magoti yakagomea ngazi, akaenda kukatwa tumbo, akaachiwa kimfuko kisichozidi kikombe cha chai. Huu ni mwezi wa nne tangu akatwe. Siku hizi tukikaa wanne, mimi muuza vifungo, Profesa aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama, Chiman tunayemwita Samli kwa biashara yake, na Hasmukh mwenyewe, ubaoni panabaki nafasi ya mtu mzima. Nafasi ile siipendi kabisa. Jana mchana, mvua ilipopumzika kidogo, Hasmukh alikuja akiambaa na ukuta, akaketi, nikampa bilauri yake ya maji ya mbaazi.

Mimi: Kunywa, kaka. Leo zamu ya kwetu. Mke wangu Kokila kayachuja mara mbili, unaona mpaka chini ya bilauri.

Hasmukh: Shemeji anahangaika mno. Ngoja nipumue kwanza.

Profesa: Nasikia asubuhi umeanguka kwenye ngazi.

Hasmukh: Miguu ilikuwa yangu, mara haikuwa yangu.

Samli: Ngazi hizo, bwana! Zimekuzoea mzito. Ukizipanda mwepesi zinadhani ni mwizi.

Manu: Acha mzaha, Samli. Mtu kaokotwa na mkewe.

Samli: Nani anafanya mzaha? Nyumba inamjua mtu wake.

Hasmukh: Nilipelekwa kwa daktari. Kasema mwili umekosa protini, sasa umeanza kujila wenyewe. Unatafuna nyama ya mapaja yangu. Oneni maajabu, jamani. Mimi Mjaini, baba na babu hawakugusa hata yai, leo nimekuwa mla nyama.

Alisema hivyo akatabasamu, na hakuna aliyecheka. Manu alipangusa kikombe ambacho alikuwa ameshakipangusa.

Profesa: Protini, protini! Neno hilo wamelitunga wauza mayai. Nimesoma magazeti miaka arobaini, enzi zetu halikuwepo, na watu walikuwa na misuli. Hebu niambieni, tembo anakula nini?

Samli: Majani.

Profesa: Basi! Nani anampa tembo protini?

Manu: Tembo anakula kutwa nzima, Profesa. Huyu tumbo lake ni kama hiki kikombe changu.

Profesa: Haba na haba hujaza kibaba.

Manu: Si ndicho kibaba chenyewe kilichokatwa!

Hasmukh: Daktari kaniuliza, ule unga wa protini wa kopo niliokupa, uko wapi?

Profesa: Umwambie ulisomwa hapa hapa, kwa miwani yangu. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, sikuyamaliza. Je, kama ndani mna yai? Dhambi hiyo angeibeba nani?

Manu: Ndiyo ukaamuru unga wote apewe ng'ombe.

Profesa: Ng'ombe hana dini ya kuharibu.

Manu: Ila ana nywele. Nimemwona leo, anang'aa utadhani bibi harusi.

Hasmukh alivua kofia yake taratibu akatuonyesha ndani. Nywele zilikuwa zimelala mle, nyingi kuliko zilizobaki kichwani. Niseme ukweli, nilitamani airudishe upesi.

Samli: Hilo mimi nalijua. Yale mafuta yalipotoka yaliondoka na nguvu, kwa sababu walikuwa wanalala chumba kimoja. Dawa yake kijiko cha samli kila saa. Samli huitana. Ikiingia moja, zilizotoroka zinasikia harufu, zinarudi.

Manu: Na wewe unauza ngapi?

Samli: Mimi nasema kwa upendo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Manu: Mguu wenyewe hauna hata cha kuvunjika, tazama! Mimi nawaambia kinachomsumbua. Kile kipande walichokikata, walikipeleka wapi? Kaka, uliuliza?

Hasmukh: Nilikuwa nimelala, Manu.

Manu: Unaona? Tumbo la miaka hamsini, limezoea kachori, unalitupa kwenye ndoo bila hata kuliaga. Kule liliko bado lina njaa. Linamvuta! Kila anachokula huku kinaliwa kule.

Profesa: Hata gazeti la wapumbavu lisingechapa hilo.

Manu: Basi niambie wewe chakula kinakwenda wapi. Uchochoro mzima tunamlisha, yeye anakwisha. Kinakwenda wapi?

Swali hilo kila mmoja wetu alikuwa nalo. Maana sisi si watu wa kumtupa mgonjwa. Wiki ile ya pili alipojaribu jibini ya maziwa akaitapika papa hapa mbele yetu, tulikaa kikao, wanaume ubaoni na wanawake vibarazani, tukakata shauri: kigumu marufuku. Tukapanga zamu. Kila siku nyumba moja inapika mbaazi, inachuja maji yake ya juu, inatia manjano na chumvi kidogo, inampelekea Hasmukh. Hakuna nyumba iliyowahi kuruka zamu, hata ile yenye msiba.

Hasmukh: Daktari anasema hayo ya kutapika yalikuwa ya mwanzoni, kidonda kilikuwa kibichi. Sasa naweza kula vyakula laini.

Samli: Yeye ndiye aliyekukata! Aliyekukata ndiye leo akufundishe kula?

Profesa: Mgonjwa haulizwi uji. Nguvu ya mbaazi yote hupanda majini, ndiyo maana mtoto anapewa maji, mzazi anapewa maji. Bibi zetu walikuwa wajinga?

Hasmukh: Sijasema hivyo, mzee wangu.

Profesa: Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Hasmukh: Anasema pia nile kidogo kidogo hadi usiku. Nikamwambia, daktari, hii ni miezi ya mvua, kwa dini yetu jua likizama mimi na chakula tumeagana. Akaniangalia tu.

Mimi: Na kesho je? Unarudi kwake?

Hasmukh: Kesho kutwa. Nikirudi hivi nilivyo watanilaza, wanipitishe mpira puani. Na akasema moyo nao ni nyama. Mwili ukimaliza mapaja hauchagui.

Profesa: Mvumilivu hula mbivu.

Hasmukh: Kwa tumbo gani, Profesa? Jamani, nimewasikiliza sana. Mimi naogopa. Usiku naweka mkono hapa kifuani, nahesabu mapigo, nikisikia moja limekawia namwamsha mke wangu. Naye ananiambia lala, kesho zamu ya akina fulani, maji yao ni mazito. Nami nalala.

Nilimshika bega. Lilikuwa bega la mtoto, nikauondoa mkono wangu haraka kana kwamba nimeiba.

Ndipo bajaji ikasimama mdomoni mwa uchochoro, akashuka mwanamke na begi begani, sari imelowa hadi magotini. Alitupita akielekea ndani. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akamtazama Hasmukh, akamtazama tena.

Mwanamke: Kaka?

Hasmukh: Ramila. Umekuja na mvua yote hii?

Ni dada yake wa kufuatana, ameolewa Bhavnagar. Alikuwa amempita kaka yake wa tumbo moja bila kumjua. Alijifunika mdomo kwa pindo la sari, akaketi kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawafanyi, na hakuna aliyemkataza.

Ramila: Wifi kanipigia simu kasema umeanguka. Hakusema haya. Kaka zangu, huyu anakula nini?

Samli: Dada, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Uchochoro mzima tumejifunga kibwebwe.

Profesa: Zamu kwa zamu. Mbaazi kila siku ya Mungu.

Ramila: Mbaazi? Anazila vizuri?

Manu: Hali zile zenyewe, anakunywa maji yake.

Mimi: Tunachuja kwa kitambaa safi, dada. Hata punje moja haipiti. Mke wangu leo kachuja mara mbili.

Nililisema kwa fahari, sitaficha. Ramila alichukua bilauri mkononi mwa kaka yake, akaiinua kwenye mwanga, akaona jiko la Manu upande wa pili. Akamrudishia. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Ramila: Na mbaazi zenyewe, huwa anakula nani?

Profesa alivua miwani yake, akaitia mfukoni. Samli alikunja mikono juu ya kitambi chake, halafu akaona aibu ya kuiweka pale, akaishusha. Manu aligeukia jiko lake ingawa chai haikuwa inachemka. Mimi nilikuwa nimetoka kula mchana ule, bakuli mbili, kwa wali na sukari guru, na ulimi wangu ulikuwa umegusa punje ya haradali iliyonasa kwenye jino.

Hasmukh, kwa adabu yake, alikuwa ameshayanywa yale maji hadi tone la mwisho. Akanipa bilauri yangu kwa mikono miwili, akasema nimshukuru sana shemeji.