Baba wa Watu Nyumbani kwa Idemudia Aghedo

Huyu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 1 Machi 2019, Mzee Idemudia Aghedo, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1946 hapa hapa mjini Benin, nyuma ya soko la Oba. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Aghedo Omoruyi na marehemu Mama Iyobosa. Kifungua mimba wa kiume kwetu ndiye anayerithi nyumba aliyofia baba, na ndiye anayemsimamishia baba fimbo yake ya mbao kwenye madhabahu ya mababu. Fimbo moja, baba mmoja. Idemudia alilijua hilo tangu hajaota meno ya pili, na alikiogopa chumba kile cha madhabahu vibaya sana. Baba alipogonga fimbo ya babu sakafuni kumwita, na kijiti kilichomo ndani yake kikalia, kijana alikuwa ameshafika jikoni, kashika nguo ya mama. Mdogo wake Adesuwa, anayewasomea haya, ndiye aliyetumwa kumvuta.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa mjini kuanzia 1953, akaendelea na sekondari Sapele mwaka 1960, kisha chuo kikuu Ibadan, alikohitimu mwaka 1970. Alipenda hesabu. Historia aliichukia, akisema ni habari za watu waliokwisha kufa, zinamhusu nini yeye. Mungu naye ana utani wake.

Mwaka 1971 aliajiriwa Lagos katika kampuni ya bima, kazi yake kuthamini mali zilizoungua. Aliingia kwenye nyumba zilizobaki majivu, akaangalia kipande cha kabati, akasema kabati lilikuwa zuri kiasi gani. Ni kazi hiyo iliyomfikisha minadani, na mwaka 1978 akanunua jogoo wa shaba wa zamani. Basi, ikawa ndiyo kwaheri. Vichwa vya shaba, kengele, bangili za pembe, vyungu vya madhabahu: palipokuwa na mnada wa vitu vya kale, Idemudia yupo. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, amevaa kanzu iliyopauka, anakula njugu za kuchemsha, ili wachuuzi wadhani amefuata kivuli.

"Mzee Njugu, leo umekuja kupumzika?" wachuuzi walimtania.

"Nipumzike wapi, na nyumbani kuna mke?" Huku mkono uko juu, na kitu kimeshakuwa chake.

Mara mbili alisafiri hadi London kununua vilivyochukuliwa kwetu na wenye bunduki, na aliporudi navyo uwanja wa ndege aliimba. Hilo tunamsifu, na tutamsifu daima. Lakini alikuwa na msemo wake mmoja, na sisi tuliucheka badala ya kumkatalia: "Nyundo ya mnadi ikishagonga, maswali yamekwisha."

Tarehe 14 Desemba 1974 alimwoa Bi. Itohan, wakajaliwa Eghosa mwaka 1976 na Isoken mwaka 1980. Siku ya ubatizo wa Isoken alifika kanisani amechelewa, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shali ya mtoto. Wazee wakainuka kukibariki. Kumbe ni chungu, katoka nacho mnadani moja kwa moja! Itohan hakusema naye wiki nzima, na chungu kilikaa sebuleni miaka yote.

Baba yetu alifariki mwaka 1999. Idemudia akamsimamishia fimbo inavyopasa, na alipostaafu mwaka 2004 akarudi kuishi kwenye nyumba ya urithi pamoja na vitu vyake. Sebule ikajaa. Korido ikajaa. Mwishowe akaanza kupanga rafu katika chumba cha madhabahu.

Mwezi Novemba 2015 alinunua fimbo ya madhabahu kwenye mnada wa Lagos. Ilikuwa nzuri mno, ina mkono uliochongwa juu, umefumbata samaki. Akaisimamisha sambamba na ya baba yetu. Itohan alipoiona, aliweka chini beseni alilobeba.

"Baba Eghosa, huyu ni baba wa nani umetuletea?"

"Ni mbao hiyo, Mama Eghosa. Mbao na fundi hodari."

"Mbao gani? Kuna mtu ameitwa kwa hiyo! Itoe hapo."

"Pale mwanga ni mzuri," akajibu. Hilo tu.

Ilipofika sadaka ya mwaka, marehemu aligonga fimbo ya baba yetu na kumwita kwa jina, adhuhuri, jua limewaka. Fimbo ya pili ikalia. Haikuguswa na mtu. Wote tuliokuwamo tuliisikia, na Adesuwa aliangusha kokwa ya kola ya sadaka aliyoishika.

"Upepo," marehemu akasema.

"Upepo wa wapi?" Itohan akamjibu. "Si umeyapigilia madirisha misumari mwenyewe kwa kuogopa wezi?"

Tangu siku hiyo Idemudia alikuwa mtu mwenye hofu, na hatuoni sababu ya kuificha. Alikula ameegemeza mgongo ukutani. Alisita kuitika akiitwa, mpaka amwone anayemwita. Aliirudisha fimbo mnadani, wakamwambia kilichouzwa kimeuzwa. Akauliza ni nani aliyeileta, wakamwambia wauzaji hawatajwi, na yeye mzoefu anajua. Alijua kweli. Alikuwa amekaa chini ya kanuni hiyo maisha yake yote, anatafuna njugu. Akarudi nayo, kwa kuwa alikuwa anaogopa zaidi kuitupa.

Mwezi Machi 2018 moyo ulianza kumsumbua, akawa wa kulazwa na kutoka. Eghosa alikuja kutoka Abuja, akamkuta baba yake analia.

"Baba, madaktari wanasema utapona. Unaogopa nini?"

"Kufa siogopi, mwanangu. Kufa kila mtu anakufa. Naogopa siku utakaposimama mle ndani, ugonge fimbo yangu, uniite. Akiitika baba wa watu, mimi nitakaa wapi?"

Eghosa ni mhandisi. Alicheka, akaenda kuitoa ile fimbo kuonyesha kwamba ni mbao. Alirudi mikono mitupu na kiatu kimoja. Hajatueleza alisikia nini, na tumeacha kumuuliza. Kuanzia hapo hakucheka tena. Yeye ndiye atakayepaswa kulala katika nyumba ile.

Itohan akachukua picha ya fimbo akazunguka nayo makanisani na kwa machifu kuwatafuta wenyewe, na hata redioni akatangaza. Mumewe alimuuliza kila jioni kitandani: "Wamepatikana?" Akijibiwa bado, aligeukia ukutani. Ijumaa tarehe 8 Februari 2019, saa kumi alasiri, Mzee Idemudia aliaga dunia hospitalini, ameushika mkono wa mke wake. Neno lake la mwisho lilikuwa swali hilo hilo.

Kesho yake asubuhi mtu akabisha hodi, amesikia tangazo redioni. Aliitwa Uwadiae Ehioghae, wa njia ya Ekiadolor, kifungua mimba wa nyumba yao. Fimbo ya baba yake iliibwa wakati yeye yuko kazini Kano, na tangu hapo hakuthubutu kutoa sadaka, kwa kuwa hakujua baba yake yuko wapi. Alipoingia chumbani na kuiona, alipiga magoti akalia kama mtoto. "Baba, nisamehe. Twende nyumbani." Akaifunga kwa kitambaa cheupe. Itohan alikuwa anashukuru Mungu kwa sauti. Ndipo Uwadiae alipofika mlangoni akageuka, akaziangalia rafu zote, juu mpaka chini.

"Na hawa wengine, Mama," akauliza kwa heshima, "ni baba za nani?"

Sote tulitoka chumbani mle upesi, wazee na watoto, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Itohan, watoto wawili, Eghosa na Isoken, wajukuu, na dada yake Adesuwa. Ameacha pia hao wengine, ambao majina yao hatuyajui.

Eghosa amekataa kumsimamishia baba yake fimbo mpaka chumba kile kibaki na wa kwake peke yao, na mama yake amemuunga mkono. Vitu vyote vimetolewa uani chini ya turubai. Tukitoka makaburini, tunawaomba mpite pale, taratibu, muangalie vizuri. Atakayemtambua wake amchukue. Hatutadai chochote, wala hatutauliza mnatoka wapi. Na msiotambua kitu, waambieni wa vijijini waje. Tunawasihi, jamani. Kijana hawezi kumwita baba yake.

Mungu ampe mahali pa kupumzika. Na wewe kaka, ukisikia kijiti cha fimbo kinalia kabla hatujamaliza kuwarudisha hao, usiitike. Si wewe unayeitwa.