Jumla ya Mashuka

Kwenye basi la asubuhi, mtunza stoo wa hospitali alimwonyesha binti aliyeketi naye karatasi ya Ekseli iliyojaa wino mwekundu wa mwalimu wa mafunzo ya kompyuta. "Mwanangu, kosa liko wapi? Mashuka nimeyajumlisha mara tatu."

"Umejumlishaje, baba?"

"Kwa kalkuleta, halafu nikaandika jibu." Mimi niliyeketi nyuma yao ningefanya hivyo hivyo, tena mara moja tu.

"Hapo unaweka fomula, baba. Inajumlisha yenyewe. Hata ukibadilisha namba, jumla nayo inabadilika."

Mzee akaikunja karatasi. "Miaka ishirini na sita kazi yangu ni kujumlisha. Sasa mimi wananiweka wa nini?"

Binti akaangalia dirishani. Basi likasimama.

"Hapa ndipo kazini kwangu," alisema mzee, wala hakuinuka.