Beseni la Utafiti

Ndani ya basi, binti anayepima watu wa mtaa mmoja kwenye utafiti wa kuzuia kisukari kwa unga wa majani, unaolipiwa na shirika la hisani, alikaa nyuma ya mawifi wawili aliowapima asubuhi.

"Wifi, nusu ya makopo ya unga tuliyopewa ni wanga mtupu wa kutuzuga," alisema mdogo, "na hatuambiwi nani kapata lipi." Mkubwa akajibu, "Ndiyo maana nimechanganya ya mtaa mzima kwenye beseni, nikayajaza upya. Kisukari kilimchukua mama. Mimi sichezi bahati nasibu."

Binti akafumba macho. Kesho utafiti ulikuwa unafungwa, kwa kuwa sukari ya waliopewa majani na waliopewa wanga ilikuwa imeshuka sawasawa, ikaonekana majani hayana kazi.

Basi likasimama. Mkubwa akageuka. "Kumbe uko hapa, mwanangu! Unga unafaa?"

"Unafaa, mama. Twende ukawaambie wakubwa wa utafiti kabla hawajaufunga, na beseni ulibebe."