Verna Hawryluk na Karakana ya Dolyna

Ndugu, majirani, walimu, wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na minane, nanyi wajumbe wa bodi ya shule mlioketi safu ya nne, mimi ni Orest Hawryluk, mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nitayasoma yote, pamoja na yale ya Jumanne ijayo, siku ambayo darasa lake litapigiwa kura.

Verna Adeline alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika shamba la wazazi wake, kilomita kumi na moja kaskazini mwa Dolyna, Saskatchewan, Kanada, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa Metro na Paraska Pidlubny, na kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na theluji, alipokelewa na bibi yake. Baba yake hakuruhusu kitu kitupwe kabla hakijafunguliwa, watoto walipomletea redio au pampu iliyonyamaza aliwauliza, "Imekufa kwa nini?", na asiyekuwa na jibu alirudi ghalani na bisibisi mpaka alipate.

Alisoma hapa Dolyna kuanzia mwaka 1967 hadi 1979. Katika sekondari aliomba darasa la karakana akapelekwa la upishi, akaomba tena, akapelekwa kulekule, na mwaka wa tatu akafungua na kutengeneza majiko mawili ya darasa hilo, hata mwalimu wa upishi mwenyewe akaandika kwa uongozi: "Mchukueni, huku ameshamaliza vya kufungua." Septemba 1979 alijiunga na chuo kikuu mjini Saskatoon kusomea ualimu wa ufundi, na huko ndiko tulikokutana, tarehe 2 Februari 1981, nilipomkuta katika maabara ya udongo ameifungua mizani yangu bila ruhusa. Nilimwambia mizani ile imekufa, naye akajibu bila kuinua kichwa, "Haijafa, ndugu yangu, imechafuka tu, kama koti lako."

Tulifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 13 Agosti 1983, tukajaliwa watoto wawili, Danylo mwaka 1986 na Roma mwaka 1989, ambao wako hapa mbele yenu.

Alianza kufundisha Shule ya Dolyna tarehe 4 Septemba 1984. Katika somo la kwanza hakuna mwanafunzi aliyeshika spana, kila mmoja alikaa na kitu kibovu kutoka kwao, cherehani, kibaniko cha mkate au mota ya trekta, akakisikiliza, akakinusa, akaandika sababu tatu zinazoweza kuwa zimekiua, na aliyekiharibu zaidi lakini akaeleza kwa usahihi alivyokiharibu alipata alama themanini. Wazazi walipolalamika aliwajibu, "Mtoto wenu amejua kitu ambacho aliyekitengeneza kiwandani hakutaka ajue, mnataka nimnyime alama?" Mwaka 2009 bodi iliuza mashine zake, ikageuza karakana kuwa chumba cha kompyuta, naye akahamishia darasa kwenye gereji ya zamani ya mabasi nyuma ya shule, na wiki ya tatu wanafunzi wake walikuwa wanazifungua hizo kompyuta.

Tarehe 7 Januari 2014, baridi ikiwa nyuzi thelathini na tisa chini ya sifuri, feni ya mtambo wa joto wa shule ilisimama, fundi wa kampuni iliyoufunga mtambo huo alikuwa mjini Yorkton na barabara haipitiki, mabasi nayo hayakuweza kurudi kuwachukua watoto. Verna na wanafunzi wanne wa darasa la kumi waliifungua ile feni, wakatoa beringi iliyosagika, wakaweka nyingine iliyotolewa kwenye mashine ya nafaka ya jirani yetu Bill Shewchuk. Mtu mwingine angefunika na kunyamaza, lakini kwa Verna anayetengeneza huandika jina lake ndani, ili kikiharibika tena ajulikane wa kuitwa, na fundi wa kampuni alipofungua mfuniko mwezi Aprili alikuta majina matano na tarehe.

Bodi ilimwita tarehe 29 Aprili. Mwenyekiti wa wakati ule alimuuliza ni mwanafunzi gani aliyeongoza, akajibu kuwa majina yamepangwa na la kwanza ni lake mwenyewe.

"Tunachotaka ni ahadi tu, Bi Hawryluk, kwamba halitarudiwa."

"Na feni ikisimama tena?"

"Mtamngoja fundi."

"Sawa, basi bodi ije ingoje na sisi, na mje na glavu."

Alisimamishwa kazi wiki sita, akapewa barua ya onyo aitie sahihi, na chini yake akaandika, "Joto lilirudi saa nne na dakika ishirini asubuhi." Tarehe 2 Juni bodi ilikaa kuamua kama darasa lifungwe, wazazi sitini na mmoja wakaja, na Bill akasimama bila kupewa nafasi.

"Mwenyekiti, pampu ya maji ya gari lako nani aliibadilisha?"

"Bill, hilo halimo kwenye ajenda."

"Ni Tessa, binti yangu, jina lake limo kwenye ile feni. Haya, piga kura, halafu urudi nyumbani kwa miguu."

Darasa lilibaki, kwa kura nne dhidi ya tatu.

Oktoba 2022 Verna alianza kuumwa tumbo, na tarehe 17 Novemba, hospitalini Saskatoon, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alipomwambia kwamba upasuaji hauwezekani aliuliza kwa nini, akaonyeshwa picha, akauliza tena mpaka akaelewa, kisha akashukuru, na Jumatatu akarudi darasani. Alifundisha akiwa ameketi hadi tarehe 12 Mei 2023, akafariki nyumbani tarehe 3 Juni, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Siku nne kabla hajafariki, barua ya bodi ilifika, ikisema kwamba darasa limefikia mwisho wake wa kawaida kwa kukosa mwalimu, na kwamba bodi itapiga kura ya kulifunga. Tessa Shewchuk, mwenye cheti cha ualimu na leseni ya ufundi, aliomba nafasi hiyo tarehe 23 Mei, akajibiwa kuwa nafasi haipo. Nimeshauriwa kwamba si adabu kulisema hili msibani, nimelifikiria siku tano, nami nalisema: aliyefikia mwisho ni mke wangu, darasa lina wanafunzi kumi na tisa na mwalimu yuko safu ya saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Saskatoon, hasa yule aliyekubali kuulizwa, majirani waliotuondolea theluji mlangoni tangu Novemba, walimu waliobeba vipindi vyake, na akina mama walioamka alfajiri kukunja na kuchemsha pyrohy za unga na viazi tutakazokula ukumbini. Nawashukuru pia wajumbe watatu waliompinga mwaka 2014, maana walimpa miaka tisa ya hasira iliyomfaa.

Kikao cha bodi ni Jumanne, tarehe 13 Juni, saa moja jioni, na chumba kile kina viti arobaini, kwa hiyo wengi wetu tutasimama.

Pumzika, Verna. Sisi tuna kikao.