Tundu la Tatu

Kijiwe chao ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali kuwa benchi, kati ya kinyozi na fundi redio. Bawaba zake hazikung'olewa, na huwakwaruza wanaochelewa kufika na kukosa nafasi ya katikati. Mama Birika huweka jiko lake la mkaa upande wa kivuli, humimina kahawa kwenye vikombe visivyo na mikono, na husikiliza zaidi ya anavyosema. Asubuhi hiyo hakuna aliyezungumzia mpira. Ng'ambo ya barabara, ambayo ni nyembamba kiasi kwamba watu husalimiana bila kupaza sauti, mwenye duka la vifaa vya muziki alikuwa ametoa spika mbili na kuzisimamisha kizingitini. Moja ilikuwa ndefu na nyembamba kama mtu aliyetoka kuugua, nayo ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea nyaya. Ya pili ilikuwa kibonge, yenye magurudumu, mpini wa kukokotea, na matundu matatu. Mwenye duka alisema waamue kabla hajafunga kwenda kula.

Aliyetakiwa kuamua ni Nyuzi, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya gita lake. Yeye na mkewe waliimba pamoja kwenye harusi na sherehe za maofisini tangu kabla hawajaoana, kwa vyombo vikubwa vya kukodi vilivyobebwa na pikapu. Mkewe alifariki mwaka jana. Baada ya mazishi gita lilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, mpaka meneja wa hoteli moja yenye bustani alipompigia simu kumwomba awe anapiga kila Jumapili mchana: mtu mmoja, gita moja, sauti isiyowazuia walaji kuongea, na vyombo aje navyo mwenyewe. Nyuzi alikubali kabla hajafikiri, na tangu hapo alikuwa anafikiri. Alijijua. Akiivunja ahadi hii, gita lile halitashuka tena kabatini.

– Chukua ya magurudumu, alisema Tani, ambaye alipakia malori ujana wake wote na bado anaipima dunia kwa bega. Nimeiinua. Ina uzito wa heshima. Hiyo nyingine nimeishika kwa mkono mmoja, nikaona haya kwa niaba yake.

– Uzito unahusiana nini na sauti? aliuliza Kipara, kinyozi, ambaye hana hata unywele mmoja na hapendi kuulizwa kwa nini.

– Umewahi kuona ng'ombe mwembamba akalia ukamsikia mtaa wa pili?

– Sijamwona. Ila mbu nimemsikia.

Nyuzi alitabasamu ndani ya kikombe. Pembeni yake alikaa Waya, fundi redio, kaka wa marehemu. Ndiye aliyekuwa akiwafungia vyombo miaka yote, amechuchumaa nyuma ya spika na bisibisi mdomoni.

– Nyinyi mnapima mifupa, alisema Waya. Pimeni wati. Na wati ziko za aina mbili, zilizoandikwa kwenye kasha na zilizomo ndani. Zilizoandikwa ni za kuuzia.

– Na zilizomo ndani?

– Hizo anazijua aliyefungua. Ngojeni nikachukue bisibisi.

– Mali ya watu hiyo, alisema Mama Birika bila kugeuka. Kaa.

Waya akakaa. Nyuzi akamwinamia.

– Shemeji, tuache mchezo. Kwa bustani ile, ipi inafaa?

– Nyembamba. Betri yake inakaa mchana kutwa. Sauti yake inatawanyika, wa pembeni wanasikia kama wa mbele, na haikupigii mluzi hata ukisimama na maikrofoni karibu nayo. Ukimaliza unaitia begani kama mwavuli, unaondoka. Ile kibonge utaikokota kwenye majani mpaka magurudumu yakuachie mpini.

– Lakini ina matundu matatu.

– Inayo.

– Basi.

Waya akatazama kikombe chake kama aliyeona kitu kinaelea. Kipara akakohoa.

– Matundu mengi ni mazuri, alidakia Tani haraka. Yanaingiza hewa. Spika isiyopumua inachemka.

– Hiyo unayoisema ni sufuria, alisema Kipara. Sikilizeni, nyote mmekosa jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni nywele.

– Tumekwisha, alisema Waya.

– Nywele zinakula sauti. Mimi nina ushahidi. Mtu mwenye nywele nyingi ukimwita kwa nyuma hageuki. Nikishamnyoa, akiwa palepale kwenye kiti, anasikia mpaka wanavyomsengenya nje. Kwa hiyo Nyuzi asinunue chochote. Kwanza aende pale hotelini aangalie vichwa. Vipara wakizidi, nyembamba inatosha. Wakija wenye nywele za kuteremka mgongoni, achukue zote mbili.

– Na wenye nywele za bandia?

– Hao unawahesabu nusu.

– Hamjafikiria friji, alisema Waya, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Jikoni pale kuna friji kubwa. Friji ikiamka umeme unayumba, na besi yako yote inaishia tumboni mwake. Nimeshasikia friji ikiunguruma wimbo mzima baada ya wanamuziki kwenda zao nyumbani.

– Si umesema ina betri? aliuliza Kipara.

– Betri inachajiwa wapi?

Tani alinyoosha kikombe kiongezwe.

– Dawa ni supu, alisema. Unaweka bakuli la supu meza ya mbele. Supu ikitulia, ongeza sauti. Ikitikisika, punguza. Ikimwagika, omba radhi.

– Na wasipoagiza supu?

– Hapo huna walaji. Una watazamaji tu, piga unavyotaka.

Nyuzi alicheka mpaka kahawa ikampalia, na Waya akampiga mgongoni. Ulikuwa umepita muda mrefu hajapaliwa na kicheko. Lakini alipomaliza kukohoa, alijikuta ameigeukia tena ile ya magurudumu.

– Mtaniwia radhi, alisema. Bado naona matatu ni bora. Moja liwe la akiba.

– La akiba, alikubali Tani.

– Huwezi jua, alisema Kipara. Tundu linaweza kuziba.

– Kweli, alisema Waya polepole, yeye aliyefungua spika maisha yake yote na hajawahi kuona tundu lililoziba kwa kutumika.

Ndipo akaja msusi. Alikuwa mgeni, juma lile ndilo alilofungua chumba chake cha kusukia, nyuma ya kinyozi, na kahawa ya Mama Birika alikuwa bado hajaionja.

– Shikamooni.

– Marahaba, karibu, binti, alisema Mama Birika. Tani, msogelee mwenzio, bawaba ile isimchane gauni.

Tani akasogea. Msusi akapokea kikombe, akaipuliza kahawa, akawatazama mmoja mmoja, kisha akafuata macho yao hadi kizingitini kwa jirani.

– Mnazichagua zile?

– Tunamchagulia, alisema Kipara. Huyu bwana anakwenda kupiga muziki hotelini, na sisi ndio wataalamu wake. Sasa hivi tuko kwenye nywele.

– Nywele zimefanya nini?

– Zinakula sauti.

– Nani kasema?

– Utafiti bado unaendelea, alisema Waya.

Msusi akaachana nao, akamgeukia Nyuzi.

– Unapiga na bendi, kaka?

– Peke yangu.

– Sasa tofauti yake ni nini, ukiacha unene?

– Ile ndefu ina matundu mawili. Hii ina matatu.

Msusi akahesabu kwa vidole, taratibu, kama anayegawa nywele kabla ya kusuka.

– Gita, moja. Sauti yako, mbili. Hilo la tatu la nani?

Tani aliangalia viatu vyake. Kipara alipangusa kichwa kwa kiganja kana kwamba kuna kitu cha kupangusa. Mama Birika alikuwa ameinua birika, akabaki nalo hewani. Nyuzi alingoja neno lile la akiba lije, kwa sababu asubuhi yote lilikuwa likija lenyewe, na safari hii halikuja.

– La mke wangu, alisema.

– Naye anaimba?

– Alikuwa akiimba. Alifariki.

– Pole, kaka. Sikujua.

– Hukukosea kitu. Umeuliza kinachoulizwa dukani.

Birika likateremka. Mkaa ulilia kidogo pale tone la kahawa lilipouangukia.

– Mimi niliona tangu asubuhi, alisema Waya, macho yakiwa barabarani. Tangu ulipoanza kuhesabu matundu. Nikasema nikinyamaza, utachoka mwenyewe.

– Ungekuwa wewe, shemeji, ungechukua ipi?

– Mimi? Waya akafikiri. Ningetafuta yenye manne.

Tani akacheka, akanyamaza, kisha akaona Nyuzi naye anacheka, akamalizia kicheko chake.

Nyuzi akaweka kikombe chini. Alichukua mfuko wa gita uliokuwa umeegemea ukuta tangu asubuhi, akavuka barabara, na Waya akamfuata kwa mazoea ya miguu. Mwenye duka aliuliza waijaribu ipi. Nyuzi akaonyesha ndefu. Waya akachuchumaa nyuma yake, akachomeka gita, akachomeka maikrofoni, akazungusha kitufe kidogo tu, na matundu yakaisha.

– Moja, mbili, alisema Nyuzi, na kutoka benchini wakajibu kwa mikono kwamba inafika.

Akaanza wimbo ambao walifungulia nao kila sherehe. Ulitoka safi. Vidole vilikuwa vinaujua, koo lilikuwa linaujua, na kile kispika chembamba kiliupeleka mpaka mlangoni kwa msusi bila kumgutusha mtu. Wapita njia wawili walipunguza mwendo. Alifika kwenye kibwagizo.

– Mbona haupandi? alisema Tani kutoka ng'ambo, si kwa ubaya. Wimbo huu naujua. Hapo huwa unapanda.

– Hiyo ni sauti ya pili, alisema Mama Birika.

Nyuzi akaacha kupiga.

Ni kweli. Ndiyo iliyokuwa nafasi yake miaka yote, chini ya sauti ya mkewe, akiibeba. Juma zima alikuwa amefanya mazoezi chumbani, mlango umefungwa, na hakugundua. Sauti ya juu alikuwa anaisikia kichwani vizuri mno, hata haikumpitikia kwamba hakuna anayeiimba. Angekwenda hotelini namna ile. Angekaa kwenye bustani ya watu Jumapili nzima, akiimba nusu ya nyimbo.

Waya alikuwa bado amechuchumaa, mkono kwenye kitufe. Hakuinua uso.

– Alipokuwa anaanzia yeye ni juu kwako, shemeji. Anzia chini.

Nyuzi akasogeza vidole kwenye shingo ya gita, akapapasa, akapata mahali ambapo wimbo ule haujawahi kuanzia. Ulisikika kama wimbo wa mtu mwingine. Akapiga utangulizi mara ya pili ili auzoee, kisha akaisogelea maikrofoni na kuimba sauti ya kwanza. Ilitetemeka kwenye mstari wa mwanzo. Kwenye wa pili ikashika. Kwenye kibwagizo ikapanda, si mpaka pale ilipokuwa ikifika zamani, lakini ikapanda, na benchini hakuna aliyekuwa na nadharia.

Waya akainuka. Akaishika ile spika ya magurudumu, yenye tundu la dada yake, kwa mpini ili airudishe ndani, akasita, akaikumbatia nzima kwa mikono miwili na kuipitisha mlangoni imeinuliwa, magurudumu yasije yakakwaruza sakafu.