Baka Mkononi mwa Fundi Viatu

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na asubuhi hiyo lilikuwa na pengo. Pale anapokaa fundi viatu hapakukaliwa na mtu. Juzi yake alikamata birika la kahawa kwa kiganja kitupu, akamimina vikombe vinne huku anasimulia, mpaka wenzake wakanusa nyama inaungua. Yeye hakuhisi kitu. Jina la Chuma walikuwa wameshampa kwa sababu hiyohiyo, na walilitoa kama sifa. Mkewe alikuja kumchukua, akampeleka hospitali. Sasa walibaki watatu: Kinyozi, Breki aliyeendesha malori miaka thelathini, na Msomi, mwenye shahada ya baiolojia na bahasha ya vyeti iliyochakaa pembe zote nne kwa kuzungushwa maofisini. Kahawa ya Msomi ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Ni gundi, alisema Kinyozi. Miaka ishirini anapaka gundi ya soli. Imemkaukia, imekuwa ngozi ya pili.

— Acha hizo, alisema Breki. Ngozi ni kama tairi. Jipya linasikia kila kokoto. Likishachakaa, unakanyaga msumari huna habari.

— Tairi linaota vipele? Vichwa vya mtaa huu vyote vimepita mikononi mwangu. Mba, mapunye, vipele vya ndevu, niulize mimi. Chanzo kimoja tu: damu chafu inatafuta mlango.

— Ya Chuma si chafu, imehama. Ndiyo maana mkono ulipauka pale nyuma.

— Imehamia wapi?

— Tumboni. Huoni anavyokula?

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

— Msomi, mbona umejinunia? aliuliza Kinyozi. Haya si ndiyo mambo yako?

— Ngozi ina tabaka, Msomi alisema polepole. Ya juu inajibandua na kujijenga upya kila baada ya wiki chache. Chini yake kuna mishipa ya fahamu. Basically, hiyo ndiyo inayokwambia toa mkono. Gundi haiiui hivyo.

— Kiingereza hicho tena, alisema Breki. Sasa inauawa na nini?

Msomi akainamia kikombe. Jibu alikuwa nalo tangu mwezi wa sita mwaka jana. Siku hiyo alitoka kwenye usaili ambao kazi yake ilikwishapewa mpwa wa mkubwa fulani, akaja kukaa hapa na hasira zake, akaona baka jipya nyuma ya mkono wa Chuma. Mkono mzima uling'aa jasho, pale pakavu. Nzi alitua, akatembea juu ya baka lote, mwenyewe hata hakutikisa kidole. Msomi aliikumbuka mpaka picha iliyokuwa kitabuni: baka lisilohisi, mtu akapimwe ukoma, mapema, kabla mishipa haijaharibika. Akafungua mdomo. "Mzee wangu, hilo baka..." Chuma akamkatiza, benchi zima likisikiliza: "Wewe ungekuwa unajua kitu, si ungekuwa na kazi?"

Walicheka mpaka Breki akapaliwa. Msomi akajisemea, fine, kaeni na ujinga wenu. Alikusudia kununa siku mbili. Ya tatu akaona haya kulitaja tena, kwa kuwa wangemuuliza alikuwa wapi siku zote. Haya hiyo ikazaa nyingine, mwaka ukapita.

Mke wa Chuma alitokea upande wa barabara, kadi ya hospitali mkononi.

— Shemeji, karibu, alisema Kinyozi. Mgonjwa anaendeleaje?

— Wamesema ni ukoma.

Breki alisogea kidogo kutoka pale anapokaa Chuma. Yule mama alimwona.

— Usihangaike kusogea. Ameanza dawa, na daktari kasema kukaa naye hakuna neno. Unatibika kabisa. Nimeuliza mara tatu.

— Basi afadhali, shemeji.

— Ugonjwa ndio unaotibika. Vidole viwili vimeshajikunja, na ganzi ile huenda isiondoke. Sindano ya kushonea viatu jana ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Mara ya tatu akaiacha palepale chini.

Kinyozi alifuta kiwembe ambacho hakikuwa na uchafu.

— Daktari ananiuliza baka lilianza lini, na mimi sijui. Nyumbani anaingia giza, anatoka giza. Mchana ni wenu.

— Mwaka huu, alisema Kinyozi. Wakati wa mvua.

— Alizaliwa nalo lile, alisema Breki.

— Mwezi wa sita mwaka jana, alisema Msomi.

— Una uhakika, mwanangu?

— Ninao. Lilikuwa dogo, kama kizibo cha soda.

Mama aliketi, akaegemeza kadi gotini, akaandika. Herufi zake zilikuwa kubwa na za taratibu. Kisha akainua uso.

— Wewe ndiye uliyesomea mambo ya mwili.

— Ndiyo, mama.

— Ukamwambia nini?

Msomi alitafuta neno kwa Kiswahili, akatafuta kwa Kiingereza, akapekua hata yale ya Kilatini aliyokariri kwa ajili ya mtihani. Kinyozi alikuwa anamtazama. Breki alikuwa anamtazama. Yule mama alisubiri, kalamu imegusa kadi, kama mtu asiye na shaka kwamba kipo cha kuandika.