Amekataa Kupokea

Ko! Mara moja tu, usiku wa kuamkia leo, mlango wa mbele uligongwa, nanyi mkaniambia, ni bati linajikunja kwa baridi, Mzee, lala. Huenda ni bati. Lakini mimi nimekula mshahara wa kugonga milango kwa miaka thelathini na moja, na tangu saa ile sikupata usingizi. Sasa kumekucha, dirisha liko wazi, pumzi ninayo kidogo, na nataka kuitumia yote. Sikilizeni, wanangu. Keti, mwanangu mkubwa, usisimame kama askari wa zamu. Nawe binti yangu, weka chini hiyo sindano. Wagonjwa wako wote wa wodini wanakungoja, na mimi leo ningoje.

Na yule mama aliyeketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, mwenye mkoba mapajani, asitoke. Mmempa chai, mmemwita mgeni. Nimemwita mimi, kwa mkono wa jirani. Nitawaambia ni nani, lakini niacheni nifike huko kwa miguu yangu, maana njia yenyewe ina miiba na niliipanda mwenyewe.

Mnajua kazi iliyowalisha. Nilikuwa mpeleka samansi. Mtu akishtakiwa, mahakama huandika karatasi ya kumwita, na karatasi haina miguu, kwa hiyo miguu ilikuwa yangu, mimi na baiskeli ile ya breki moja. Nilibisha hodi, nikamtazama mtu usoni, nikamkabidhi, akatia sahihi. Nilitukanwa, nikafunguliwa mbwa. Mama mmoja alinimwagia maji ya kufulia akasema, "Kamwambie hakimu wako nimehama!" Nikamjibu, "Utamwambia mwenyewe, mama, tarehe iko hapo chini." Tulicheka wote wawili, nikiwa nimelowa chapachapa. Ila wapo waliokataa katakata. Kwa hao niliandika nyuma ya nakala maneno mawili, amekataa kupokea, nikaapa kwamba ni kweli, na kuanzia hapo sheria ikawahesabu kuwa wameitwa. Maneno mawili tu, wanangu, na mtu anaweza kuhukumiwa akiwa jikoni kwake anachambua mchele.

Sasa wewe, mwanangu mkubwa, mwalimu wa uraia. Jana ulimsindikiza wakili wangu hadi ukumbini, ukadhani mzee amelala. Ukuta huu ni wa mbao, mwanangu, unapitisha hata mtu akijikuna. Nilikusikia: "Hukumu ilishatoka, muda wa kuipinga ulishapita, kisheria yule mdaiwa hana kitu hapa. Kwa nini Mzee afukue? Tulinde amani ya nyumba." Amani! Nimeona daftari zako za kusahihisha mezani. Kazi za sheria katika jamii: kwanza, kulinda amani, pili, kutatua migogoro, tatu, kulinda haki. Mtoto akikariri unamwekea alama ya vema. Basi nami leo nijibu mtihani wako, na nikikosea nipige sifuri.

Nyumba hii ilikuwa ya babu yenu. Tulikuwa wawili, mimi na binti yake mkubwa, mshona nguo, ambaye cherehani yake ilikuwa pale mnapoweka jokofu sasa. Yeye ndiye aliyemuuguza mzee wetu miaka sita, akamgeuza kitandani, akamlisha kwa kijiko; mimi nilikuja Jumapili, nikakaa saa moja, nikaaga. Siku ya msiba akanitamkia mbele ya watu, "Wewe ulikuwa mgeni wa baba, hukuwa mtoto wake." Lilikuwa neno la kweli, na ukweli ukisemwa mbele za watu huuma kuliko tusi. Nikalihifadhi kama mtu anavyohifadhi kisu. Mzee wetu alisema nyumba ni yetu sote wawili, lakini hakuandika. Nami nilikuwa na mke, na wewe mwanangu ulikuwa unatambaa, nikajiambia, yule hana mume, hana mtoto, vyumba vinne atavifanyia nini? Angalieni jinsi dhuluma inavyoanza, wanangu. Haiji na panga. Inakuja na hesabu ya vyumba.

Nikafungua kesi. Nikadai babu yenu alinipa nyumba yote kwa mdomo. Samansi ya kumwita mdaiwa ikaangukia kwa mwenzangu wa ofisini, tuliyemwita Goti kwa sababu goti lake lilikuwa bovu. Akanishika bega akasema, "Si unapita huko huko, ndugu yangu? Nipelekee, mimi nitaapa." Mdai akabebeshwa wito wa mdaiwa wake! Karani aliona, hakuuliza. Hakimu aliona majina ya ukoo yamefanana, hakuuliza. Kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani, na nyani mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Nikaja hadi hapo mlangoni, mchana, jua la saa saba, nimevaa shati la kaki alilonishonea yeye nilipoajiriwa. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia. Nikainua mkono. Mkono huu huu, utazameni. Nikasimama nao hewani, cherehani ikanyamaza, nikasikia anakata uzi kwa meno, kisha ikaanza tena. Nikaushusha. Nikaikunja samansi, nikaitia mfukoni, nikarudi nikamwambia Goti, "Amekataa kupokea. Ameitupa chini." Goti akaapa juu ya ulimi wangu. Msema pweke hakosi, nami siku ya kesi nilisema pweke, dakika kumi na mbili, nikashinda.

Binti wa babu yenu alijua siku dalali wa mahakama alipofika na polisi wawili kumtoa. Walitoa kitanda, wakatoa cherehani, wakatoa picha ya babu yenu wakaiegemeza kwenye ndoo. Hakupiga kelele. Alinijia, ana sindano bado imechomekwa kifuani kwenye gauni, akaniuliza, "Niliitwa lini?" Swali la maneno mawili. Nikamjibu, "Kaulize mahakamani." Akaenda. Akaonyeshwa kiapo, kina mhuri, kina sahihi. Akasema sikuitwa. Karani akamwambia, mama, karatasi inasema uliitwa, na ukitaka kupinga lete maombi ndani ya siku thelathini. Alikuwa hana wakili, hana pa kulala, alikuwa na cherehani juu ya mkokoteni chini ya mvua. Siku thelathini zikapita. Haya, mwalimu, tia vema! Hakukuwa na fujo, kwa hiyo amani ililindwa. Hukumu ilitoka, kwa hiyo mgogoro ulitatuliwa. Mhuri ukagongwa, kwa hiyo haki ikalindwa. Mambo yako matatu yote yalitimia, na mtu alilala kwenye baraza la mashine ya kusaga akitumia vitambaa vya wateja kama blanketi.

Usiniambie sheria ilikosea. Wala usiniambie, kama wanavyosema vijana vijiweni, kwamba sheria ni ya wenye nguvu, haina maana, ichomwe. Mimi niliibeba sheria kwa baiskeli, naujua uzito wake. Sheria ni ile hodi. Ni kwamba hata mwizi, hata aliyeua, ataitwa, ataambiwa tarehe, atasikilizwa, ndipo ahukumiwe. Ukitoa hilo, hukumu, mhuri, joho na nyundo vyote vinabaki nguo za kuvalisha wizi. Na hodi hiyo haigongwi na kitabu. Inagongwa na mtu wa mshahara mdogo mwenye jasho, ambaye hakuna anayemwona, na siku akiushusha mkono wake nchi nzima imebomoka pale mlangoni na hakuna aliyesikia kishindo. Nimekasirika, ndiyo. Namkasirikia Goti, namkasirikia yule karani, namkasirikia hakimu aliyetazama saa yake badala ya kutazama faili. Lakini nyani haoni kundule, na mimi nilijiona mtu mwema miaka ishirini na sita kwa sababu karatasi ilikuwa upande wangu.

Binti yangu, usilie, utanimalizia pumzi. Nisikilizeni, nifunge.

Nyumba si yenu. Si yangu kuwagawia. Jana mbele ya wakili niliweka dole gumba, na nyumba hii yote, vyumba vinne na uwanja wa nyuma, imerudi kwa binti wa babu yenu. Mwanangu mkubwa, unaishi humu na mkeo na watoto, najua. Tafuta pengine. Akikuruhusu ukae, utakaa kwa hisani yake, na utabisha hodi kabla ya kuingia. Usithubutu kumpeleka mahakamani baada yangu. Ukimpeleka, baraka yangu haimo mgongoni mwako.

La pili ni zito zaidi. Nyumba inarudi kwa dole gumba moja, lakini lile faili bado liko masjala, na ndani yake mpaka leo imeandikwa kwamba yule mama alikataa kupokea, kwamba aliitupa karatasi ya mahakama chini kama mwendawazimu. Wakili ana kiapo changu cha kweli. Mkiwasilishe. Watawaambia muda umepita. Semeni, tunajua, kipokeeni hivyo hivyo. Watawacheka. Rudini kesho yake. Mwalimu, unaogopa shuleni watasema baba yake alikuwa mwongo? Waache waseme. Siku hiyo waandikie wanafunzi wako ubaoni kwamba sheria ni hodi, na uwaambie ulijifunzia wapi.

Maji, binti. Kidogo. Basi, inatosha.

Mungu awape mikono isiyoshuka. Awape... awape majirani wa kuwaambia ukweli, na masikio ya kuustahimili. Mpendane. Msinijengee kaburi la marumaru, mtu wa baiskeli udongo unamtosha.

Sasa mpisheni, asogee. Sogezeni kile kiti. Mmelelewa mkisikia humu ndani neno moja tu, mdaiwa. Mdaiwa asitajwe, mdaiwa asifunguliwe mlango. Hata mama yenu alipofariki, huyu alikuja kunipa pole, nikasimama mlangoni nikasema, mdaiwa haruhusiwi. Miaka ishirini na sita. Nilijua nikimwita lile jina lingine, siku hiyo hiyo uongo wote ungeanguka.

Amekuja. Ameketi. Hajasema neno, na ana haki ya kunyamaza, mimi ndiye niliyesema peke yangu vya kutosha. Leo kama ana la kusema, na aseme, mkae kimya, mimi nitasikiliza... mpaka mwisho wangu. Karibu zaidi. Macho hayaoni vizuri. Huo ndio mkono wako? Bado una tobo la sindano, hapa... kwenye kidole.

Sauti inakwisha. Nisikie.

Dada.